Kumwimbia mzazi mwenye ugonjwa wa kusahau: anzisha wewe, aitikie yeye

Nianze na la msingi, maana hapa ndo wengi wanapokwama. Ukitaka kuimba na mama au babu mwenye dimenshia, yani huu ugonjwa wa kusahau, usimwambie "hebu tuimbie ule wimbo wako wa zamani". Leo anaweza akaimba, kesho akakukodolea macho tu na wote wawili mkajisikia vibaya. Ukimwambia aanzishe umempa mtihani, maana lazima atafute wimbo upi, unaanzaje, kwa sauti gani, na hiyo kazi ya kutafuta na kuanzisha ndo inayoharibika mapema kwenye huu ugonjwa. Kuitikia ni habari nyingine kabisa. Nyimbo zetu karibu zote, ziwe za ngoma, za kanisani, za chuoni kwa maana ya madrasa, za kutwanga, za mchakamchaka, zina mtoaji na waitikiaji, sasa wewe kamata kazi ya mtoaji, yeye mwachie kiitikio. Kiitikio amekiitika toka hajang'oa meno ya utoto, na kile kilichorudiwa miaka yote hiyo ugonjwa unachelewa kukifikia.

Sisi nyumbani, hapa Tanga, tunampokezana mama yetu mimi na ndugu zangu, na haya ninayoandika ni tunayoyafanya kila siku pamoja na tuliyoelekezwa na watu wa afya. Niseme mapema kwamba sio dawa. Wimbo haumrudishii kumbukumbu za majina ya wajukuu, na akimaliza kuimba beti nne bila kukosea anaweza akakuuliza wewe nani. Usishangae wala usijione umeshindwa, hicho sicho tunachokitafuta. Tunatafuta nusu saa ya mtu aliyetulia, anayekutazama usoni, anayekubali kuoga bila vita. Pale Hai, Kilimanjaro, waliwahi kuwaweka wazee wenye ugonjwa huu kwenye vikundi, vikao 14 ndani ya wiki 7, na katika utaratibu wa vikao vile kuna wimbo, mazungumzo na michezo midogo midogo, na wazee walionyesha nafuu. Kwa hiyo sio mambo ya Ulaya tu.

Tafuta nyimbo zake, sio zako

Watoto wengi wanakosea kwa kuweka nyimbo ambazo wao ndo walizisikia mama akizipiga redioni wakati wao wadogo. Wakati huo mama alishakuwa mtu mzima na watoto wanne. Zinazodumu zaidi kichwani ni za kuanzia utotoni mpaka kwenye ishirini na kitu, kwa hiyo piga hesabu: chukua mwaka aliozaliwa, ongeza kumi, tembea nayo mpaka anafika ishirini na tano. Aliyezaliwa 1946 nyimbo zake ziko kati ya 1956 na 1971 hivi. Yani mwisho wa mkoloni, uhuru, mpaka Azimio la Arusha na miaka michache mbele yake. Kama alikuwa mtu wa dansi mtafutie Kiko Kids wa Tabora, Western Jazz na Dar es Salaam Jazz, Cuban Marimba na Morogoro Jazz kama alikuwa upande wa Morogoro. Kwetu Tanga kulikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na kwa upande wa taarabu Black Star na Lucky Star, wazee wetu hapa ukiwawekea hizo hata aliyekuwa amesinzia utaona kidole gumba cha mguu kinaanza kucheza. Mzee wa Unguja ataijua Ikhwani Safaa, wa Mombasa kuna kina Juma Bhalo. Hizi nyingi unazipata YouTube bila shida.

Ila nyimbo za redio sio zilizo chini kabisa ya sanduku la kumbukumbu. Chini kabisa ni zile alizoimbiwa na alizochezea uwanjani, na hapo ndo unakutana na jambo la kilugha. Wazee wengi ugonjwa ukisogea wanarudi kwenye lugha ya kwanza, mtu umemjua maisha yako yote anaongea Kiswahili cha mjini, leo anaomba maji kwa Kibondei. Kama wewe hukujifunza hiyo lugha, na wengi wetu tuliozaliwa mjini hatukujifunza, usikate tamaa, tafuta shangazi au mama mdogo aliyebaki kijijini umwambie akutumie voisi za WhatsApp. Mwambie hivi: "Shangazi shikamoo, naomba uniimbie zile mlizokuwa mkibembelezea watoto, na zile za kutwanga, na za mbalamwezi." Usimwambie "niimbie nyimbo za asili", atakwambia hajui. Mtajie kazi, wimbo utakuja na kazi yake: kupalilia, kutwanga, kubembeleza, kumwogesha mtoto, kusindikiza bibi harusi. Akishaanza hutamzuia, jiandae bando liishe.

Kama alisoma enzi za Nyerere au alipita JKT jaribu mchakamchaka. Hizi zina faida yake ya pekee, zimetengenezwa kwa miguu. Mzee anayeburuza nyayo au anayeganda mlangoni kama sakafu imeisha, simama pembeni yake, mpe mkono, anzisha mchakamchaka kwa sauti ya chini kwa mwendo wake yeye, sio wa JKT jamani, utaona hatua inakuja. Kama ana hatari ya kuanguka mshike vizuri na viatu viwe vya kubana nyuma, sio kandambili.

Upande wa dini usiuruke hata kama wewe binafsi sio mtu wa ibada. Mkatoliki mpe rozari, ile yenyewe ni kupokezana, wewe unasema nusu ya Salamu Maria yeye anaimalizia kwa "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu", na litania ndo kabisa, karibu kila mstari yeye ana neno moja tu la kusema, "utuombee". Mlutheri au mtu wa makanisa mengine mfungulie kitabu cha nyimbo alichokulia nacho, na ukimshikisha mkononi hata kama hasomi tena atakishika kama anavyopaswa. Muislamu kuna kasida, kuna Maulidi ya Barzanji na dufu lake, na kwa nyumba zisizopenda muziki kuna dhikri na zile sura fupi za Juzuu Amma alizohifadhishwa chuoni. Hapa nina neno moja. Akichanganya sura, akaanza hii akaishia ile, wewe usigeuke mwalimu wa chuo mwenye bakora. Endelea kusoma taratibu kwa usahihi pembeni yake, mara nyingi anakufuata mwenyewe, na asipofuata pia sawa.

Methali na vitendawili

Hapa pako rahisi kuliko pote na hapahitaji sauti nzuri. Methali zetu nyingi zina vina na zimekatika katikati, kipande cha kwanza kinavuta cha pili. Wewe sema "Haraka haraka..." halafu nyamaza. Asilimia kubwa ya wazee watakwambia "haina baraka" kabla hata hawajajua wamesema. "Haba na haba..." "Hujaza kibaba." "Asiyesikia la mkuu..." hapo atamalizia na kidole juu kama anakukanya wewe, na pengine ndo anachofanya. Unaweza kufanya hivi unamkata kucha, unamsuka, mko kwenye daladala, mnasubiri foleni ya hospitali. Kitu kikubwa ni kile kimya baada ya kipande chako. Watu wanakimbilia kumsaidia. Hesabu moyoni mpaka kumi kabla hujamalizia wewe, kumi za polepole, ubongo wake unaisikia ila unatembea kwa mguu, na ukimrukia kwenye saba umemnyang'anya tonge mdomoni. Akinyamaza kabisa malizia mwenyewe kwa uchangamfu uleule, kama ndo mlivyopanga, hamna cha "umesahau mama?"

Vitendawili vina hatari ya kugeuka mtihani kwa hiyo cheza kijanja. Chukua vile ambavyo swali na jibu vimegandana toka utotoni, "Kuku wangu katagia mibani", "Nyumba yangu haina mlango", usimletee vipya vya kufikiria. Na uzuri ni kwamba mchezo wenyewe una mlango wa kutokea: anayeshindwa anatoa mji. Mama yetu jibu la yule kuku wa mibani, nanasi, halimjii tena ila ukimwambia "nipe mji" anakupa Pangani bila kusita, kila siku Pangani, na wewe unaenda huko Pangani unakula samaki unarudi na jibu, naye anacheka kama kakutuma kweli. Hapo kacheza mchezo mzima na hajashindwa kitu.

Wajukuu wakiwepo ni bora zaidi. Kuna watu wanaona aibu kumwimbia mtu mzima nyimbo za watoto, na wana haki, mtu aliyelea watu wanane na kuendesha duka hapaswi kuchezewa kama mtoto wa chekechea. Dawa yake ni kupanga nafasi. Usimwimbie yeye kama mtoto, mfanye yeye ndo bibi anayewafundisha watoto. Waambie wajukuu wakae chini mkekani, mmoja aseme "Bibi tufundishe Ukuti ukuti", halafu wewe chokoza mstari wa kwanza. Na hadithi hivyohivyo, mtoto akisema "Paukwa!" bibi atajibu "Pakawa!", kwa wengine ni "Hadithi hadithi!" na "Hadithi njoo!", hata kama hadithi yenyewe haitakuja. Waelekeze watoto mapema kwamba bibi akirudia kitu kilekile hawasemi "ushasema hiyo", wanaitikia tena.

Wakati gani, na namna ya kukaa

Zima TV kwanza. Sipo kwenye mjadala hapo, huwezi kushindana na tamthilia ya Kituruki iliyotafsiriwa. Kaa mbele yake au ubavuni, macho yenu yawe usawa mmoja, usimsimamie kichwani. Muite anavyopenda kuitwa, subiri akuone, ndo uanze. Anza chini kuliko unavyodhani, wazee wengi sauti za juu hawazifikii tena, wakishindwa wanaacha, na utadhani wamesahau kumbe umewapandia mbali. Nenda polepole. Piga mdundo kwa vidole kwenye mkono wake au kwenye egemeo la kiti, mdundo ndo unaoingia kabla ya maneno. Maneno yakipotea mnaguna tu, mmmh mmmh, mstari ukirudi mnaudaka. Beti moja ikirudiwa mara tano ni bora kuliko nyimbo tano. Na kama hakusikii kabisa mpeleke akaangaliwe masikio, nta imeziba watu wengi wanaodhaniwa wamezidiwa na ugonjwa.

Kuoga ndo kipimo chenyewe. Mama akiambiwa "twende ukaoge" anakamata ubao wa kitanda kwa mikono miwili na hapo hata uje na nani. Kwa hiyo neno kuoga halitajwi. Dada yangu anaandaa kila kitu kwanza, maji ya vuguvugu kwenye ndoo, khanga mbili, sabuni ileile ya siku zote kwa sababu ya harufu, halafu anakaa kitandani ubavuni kwake na kuanza kugonga ubao kwa kiganja, du-du, du, du-du, du, mwendo wa mchi, anaanzisha wimbo wa kutwanga wa Kibondei tulioletewa na shangazi. Mama kwanza hafanyi kitu. Baadae bega la kulia linaanza kupanda na kushuka, kisha anaitikia, mikono inaachia ubao kwa sababu mtu hawezi kutwanga huku kashika kitanda, na mikono ikishakuwa huru dada anaipokea, wanasimama wakiwa bado wanaimba wanaenda hivohivo mpaka bafuni. Maji yanaanzia miguuni, khanga moja inabaki mabegani muda wote hata ikilowa. Wimbo haukatwi mpaka amevaa. Ukiukata katikati anashtuka anajikuta yupo uchi na mtu asiyemjua, na hasira zake utazielewa.

Magharibi ni saa nyingine ngumu. Jua likizama wengi wanachachamaa, wanataka "kwenda nyumbani" na wapo nyumbani. Usibishane nao. Washa taa mapema kabla giza halijaingia, na nyimbo za kutuliza anza nusu saa kabla ya muda wake wa kuchachamaa, sio baada. Akishaanza kutembea huku na huku wewe tembea nae mkiimba, baadae ndo mkae.

Wakati wa kula usiimbishane nae. Mdomo wenye chakula hauimbi, watu wenye ugonjwa huu wanapaliwa kirahisi na kupaliwa kunaua. Imbeni kabla, akishakaa mezani ukimya na tonge ndogo.

Yanayoweza kukushtua

Mama wa watu mpole, mswalihina, siku moja anafungua mdomo inatoka nyimbo ya unyago na maneno yake yote. Hii inatokea, na inatokea mbele ya mkwe. Zile nyimbo alifundishwa akiwa kwenye umri uleule tuliosema unadumu kichwani, ilikuwa lazima zitoke. Usicheke, usimnyamazishe kwa ukali, usimrekodi. Kama wewe ni mwanaume toka, au vuta wimbo mwingine wenye mdundo unaofanana atahamia huko. Kama kuna mama mdogo au somo wa rika lake muite aje waziimbe wenyewe ndani mlango umefungwa, watafurahi kuliko kitu chochote ulichopanga wewe. Nyimbo za jando kwa wazee wa kiume ni hivyohivyo.

Kulia. Machozi peke yake sio sababu ya kuacha, mtu anaweza kulia kwenye kasida na uso umetulia kabisa, mpe leso, mshike mkono, endelea taratibu. Acha ukiona ngumi zinakunjwa, anageuza uso, anapumua haraka, anataka kutoka. Kuna wimbo wa kubembeleza ambao kwetu haupigwi, mama alizika mtoto zamani na huo ndo aliokuwa akimwimbia, hatukuwa tunajua mpaka shangazi alipotuambia. Ulizeni ndugu wakubwa kabla hamjaanza kufukua. Na siku ambayo hataki kabisa kuimba, hataki. Hata sisi wazima kuna siku hatutaki.

Kitu kimoja cha kiafya nakiweka hapa maana watu wanakichelewesha. Dimenshia inaenda polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa anaitikia vizuri juzi, leo ghafla kapotea kabisa, haeleweki, analala mchana kutwa au anaona vitu visivyokuwepo, huyo usimwekee wimbo, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Inaweza kuwa malaria, UTI, upungufu wa maji, sukari, au dawa mpya aliyoandikiwa. Hivyo vinatibika. Na wanaosema karogwa waache waseme njiani, nyie mkiwa mnaenda.

Akifika mahali haongei tena, usiache. Kusikia kunabaki. Kaa karibu, guna wimbo wake kwa kufuata pumzi yake, akivuta unavuta, akitoa unatoa, halafu punguza mwendo kidogo kidogo. Majibu usiyatafute mdomoni, tazama nyusi, vidole, kidole gumba cha mguu. Kuna mama mmoja mtaani kwetu alikuwa hasemi hata jina lake ila kukiwa na harusi ya jirani akisikia vigelegele na yeye anapiga, kimoja, kirefu, kisafi.

Vifaa na kupokezana

Vifaa ni vichache. Spika ndogo ya bluetooth au ile redio ya kuchomeka memori kadi inatosha, iwe na betri ya kuchaji kwa ajili ya umeme kukatika. Hedifoni jaribu kwa uangalifu, wengine wanazipenda, wengine wanadhani wamefungwa kichwa. Ukitumia YouTube pakua nyimbo kabisa, kwa sababu tangazo la kubeti likiingia katikati ya kasida kwa sauti ya juu utaanza kazi upya. Usiache redio inaimba kutwa nzima, baada ya saa moja inakuwa kelele tu na hata ule wimbo wake wa kumtuliza unapoteza nguvu.

Rekodi nyimbo anazoitikia wakati bado anaitikia, kwa matumizi ya nyumbani, sio kuweka status. Zitakusaidia pale dada wa kazi anapobadilika, maana unaweza kumpata binti mzuri kabisa kutoka Singida au Kigoma asiyejua hata wimbo mmoja wa Kibondei, sasa atamsaidiaje kuoga? Mpe simu ya kitochi yenye memori kadi, muwekee nyimbo kwa mpangilio wa kazi, faili moja liandike KUOGA, lingine MAGHARIBI, lingine KULALA, na wiki ya kwanza akae pembeni asikilize mnavyofanya ndo aachiwe. Wa kwetu wa sa hivi matamshi yake yanamchekesha mama mpaka anakohoa, anamsahihisha neno kwa neno, na kusahihisha huko kwenyewe kumekuwa sehemu ya kuoga.